Waliomwosha Agnes Ni Watatu

Norsborg, Stockholm
Jumapili, baada ya kanisa

Shemeji yangu mkubwa, Dada Veronika,

Shikamoo. Najua kwa miaka mimi nimekutangulia kidogo, lakini wewe ni mkubwa wa mke wangu, kwa hiyo shikamoo ni yako, ipokee. Hujambo? Mguu unaendeleaje, ule unaovimba ukikaa sana kanisani? Mvua imefika Sikonge au bado mnaangalia mawingu? Michembe ya viazi mmeanika? Mimi huku kwa nje sijambo. Nakula, natembea, meno ninayo yote isipokuwa mawili, daktari mwenyewe alishangaa. Kwa ndani ndiko kwenye habari, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza ujue barua hii nimeiandika mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Asije mtu hapo akasema Daudi kaandikiwa. Wewe unajua shule niliiacha darasa la pili nikaenda kubeba mataruma ya reli, na ndoa yetu yote Agnes ndiye alikuwa macho yangu. Sasa naandika. Imenichukua Jumapili nne na herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, lakini zinasomeka. Anayekuletea ni binti wa jirani yangu, muuguzi, anakuja likizo. Tafadhali isome peke yako kwanza. Usimpe mjukuu akusomee.

Dada, ulinipigia simu baada ya mazishi ukaniuliza neno moja tu. Ulisema, "Wale wanne aliowataja mdogo wangu, wamemwosha?" Mimi nikakujibu, "Wamemwosha wote." Ukasema, "Asante shemeji, sasa nitalala."

Nilikudanganya. Waliomwosha Agnes ni watatu. Wa nne nilimzuia mimi mlangoni.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana ukiruka mwanzo utanichukia kabla ya wakati.

Unakumbuka Agnes alikuwa akikutajia darasa la Rissne. Rissne iko upande wa pili wa mji, mimi na yeye tulikuwa tukipanda treni mbili kufika. Kuna chumba cha chini kwenye jengo la ghorofa, zamani kilikuwa cha kuwekea baiskeli. Agnes na wenzake walikiomba, wakapewa. Kila Alhamisi wanawake weusi wanakaa hapo kwa duara, Watanzania, Warundi, Wakenya, Wakongo, na mabinti waliozaliwa huku wanaosema Kiswahili kama wanatafuna mawe. Hakuna mwalimu, au niseme kila mtu ni mwalimu wa kile anachokijua. Aliyefukuzwa kazi ya usafi akadai haki yake hadi akarudishiwa, anafundisha wenzake namna ya kudai. Agnes alifundisha uuguzi. Wanasoma vitabu walivyoandika wanawake weusi wa nchi nyingine, mmoja anasoma, mwingine anageuza kwa Kiswahili, halafu wanabishana mpaka chai inapoa. Wanaume hawaingii. Mimi tu ndiye niliyeingia, tena si kwa upendeleo, ni kwa ufundi. Viti vyote vya mle ndani nilivikaza mimi. Birika la umeme lilikufa mara tatu, mara tatu nikalifufua. Bila mimi wangesoma wamesimama na koo kavu.

Huko ndiko alikokuja Zuhura. Ndiye yule wa nne.

Zuhura ni mrefu, sauti yake iko chini, na kilemba anakifunga vizuri kuliko wote. Kazi yake ni kulea wazee kwenye nyumba yao. Alipozaliwa huko Kisarawe walisema ni mtoto wa kiume, wakampa jina la kiume. Yeye tangu mdogo alijijua ni mwanamke, na jina alilolichukua ni la bibi yake mzaa mama. Kwa sababu hiyo alipigwa na ndugu zake mwenyewe, akakimbia, akaishia huku kwenye baridi kama sisi.

Siku ya kwanza darasa liligawanyika. Mama Esperansi, Mrundi, mtu wa sala, alisimama na mkoba wake. "Mi sikai. Hii darasa iko ya wanawake. Huyu si mwanamke."

Mimi nilikuwa chini ya meza nakaza mguu wa kiti, nikasikia Agnes anajibu. Hakupandisha sauti, unamjua. Alisema, "Nilipomzaa Neema hapa hapa, nililia nikasema naumwa. Mkunga akaniambia wanawake wa kwetu ni wagumu, hatuumwi kama wao. Kazini akija mgonjwa mzito naitwa mimi, eti nina nguvu za mwanamume. Maisha yangu yote katika nchi hii watu wananipima kama ni mwanamke wa kutosha. Leo nichukue kipimo hicho hicho nimpime mwenzangu? Mlango niliozuiwa mimi, siwezi kuwa bawabu wake."

Mama Esperansi akaondoka. Alhamisi tatu hakuonekana. Ya nne akaja na sambusa. Hakusema samahani, lakini wengine aliwapa moja moja, Zuhura akamwekea mbili.

Mimi nilifurahi kwa sababu yangu. Mzaramo! Dada, huku Wazungu wamejaa na Mzaramo humpati. Nikamwambia, "Mtani wangu! Nyie watu wa kucheza ngoma mpaka shamba linaliwa na nguruwe, umefikaje kwenye nchi ya kazi?" Akanijibu hapo hapo, "Mnyamwezi we! Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka Bagamoyo, wewe trei ya vikombe sita inakutoa jasho." Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Tangu siku hiyo hatukuachana. Akinikuta nasinzia ananiuliza kama msafara umelala njiani. Akichelewa nasema amepita kwenye arusi ambayo hakualikwa.

Na herufi hizi unazosoma ni yeye. Aliniona nimeshika gazeti, akaona macho yangu hayatembei. Hakusema mbele ya watu. Wenzake walipoondoka akabaki ananisaidia kuosha vikombe, akachora D kwenye sinki kwa povu la sabuni. "Mzigo wa kwanza huo, mpagazi." Miaka miwili, Alhamisi kwa Alhamisi. Agnes alisoma sana lakini mimi kunifundisha alishindwa, alikuwa hana subira na mimi. Zuhura alikuwa nayo.

Huyo ndiye mtu niliyemfanyia hivi.

Maana ulimi wangu haukutosheka na Uzaramo wake. Nilianza kumwita "bwana". Yeye akicheka, mimi nasema moyoni, si unaona, anacheka. Siku moja darasa lilifanya sherehe, wageni wamejaa, yeye anapakua wali. Nikainua sauti: "Mpisheni bwana harusi wa Kizaramo, leo kanyoa ndevu mara mbili!" Watu wengine walicheka. Zuhura naye akatabasamu, akaendelea kupakua, lakini niliona wali unamwagika kando ya sahani.

Ndani ya treni Agnes hakuniangalia mpaka tulipovuka mjini. Kisha akasema, "Ule haukuwa utani."

"Mnyamwezi hafundishwi utani," nikamwambia. "Mtani akikasirika amepotea."

"Hakukasirika, Daudi. Ameumia. Mtani unamtania kabila lake, ulafi wake, uvivu wake, vitu vya wote. Wewe unamvua nguo mbele za watu halafu unasema tucheke."

Sikukubali. Wewe unanijua. Hata pale reli injinia aliniambia taruma limepinda, nikalala juu yake kuonyesha halijapinda.

Kisha akaugua. Hayo unayajua, sitayarudia. Alilazwa Flemingsberg, hospitali ile ile aliyofanyia kazi, wauguzi aliowafundisha ndio wakamgeuza kitandani. Wiki ya mwisho aliniita mimi na Neema, akawaita na wenzake wa darasani, akasema, "Wanioshe hawa wanne. Mama Esperansi, Njeri, Neema na Zuhura. Wanivishe kitenge cha Dada Veronika." Ndipo akakupigia simu na wewe ukasikia kwa masikio yako. Baadaye tulipobaki wawili akanishika mkono, akasema, "Baba Neema, usinibishie katika hili." Nikasema sitabisha.

Dada, huku maiti haizikwi kesho yake. Agnes alikaa kwenye baridi ya watu wa mazishi wiki tatu nzima, mke wangu, wiki tatu, nami nalala kwenye kitanda chetu. Naona hizo wiki ndizo zilizoniharibu. Nilikaa nikifikiri hakuna wa kumlinda ila mimi. Na watu wawili watatu wa kanisani wakanijia wakaninong'oneza, "Mzee, kweli utaruhusu mwanamume amwone mkeo?" Hilo likaniingia, nikaliona ni wazo langu mwenyewe tangu zamani.

Siku ya kumwosha tukaenda kwenye nyumba ya watu wa mazishi. Mama Esperansi, Njeri na Neema wametangulia, Zuhura nyuma na beseni jipya. Ndani ya beseni kuna taulo na chupa ya mafuta ya nazi ambayo aliyachemsha na karafuu, kama Agnes alivyompaka mama yenu nyie, maana Agnes alimsimulia. Mimi nikasimama mlangoni, mkono wangu kwenye fremu.

Nikasema, "Wataingia watatu."

Mama Esperansi akasema, "Ee Mzee, sisi tuko wane."

"Mwanamume hatamwona mke wangu."

Neema akanijibu kwa Kiswidi, kama anavyofanya akikasirika, maneno mengi. Njeri naye: "Mzee, mama alisema. Sisi wote tulisikia. Si ungekataa akiwa hai?" Sikutoa mkono.

Zuhura akanisogelea. Alisema polepole, "Mzee, leo sikutanii. Nimekuja kumwosha mama yangu."

Nikasema, "Na mimi sitanii."

Akampa Mama Esperansi beseni, akamwambia maji yasiwe ya moto sana, mafuta waanze na nyayo. Akatoka. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kituo cha basi. Mabasi matatu yalipita hakupanda hata moja. Walipotoka wenzake baada ya muda mrefu bado alikuwa pale, theluji imemkalia mabegani, na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona nimeshinda.

Nikakwambia kwenye simu wamemwosha wote.

Sasa sikia matanga. Nyumba yangu hapa Norsborg ilijaa, viatu mpaka kwenye ngazi. Unajua sheria yetu: mtani hafukuzwi msibani. Unaweza kumzuia mwanamke, unaweza kumzuia mchungaji, mtani humzuii. Mimi mwenyewe nilimtangaza Zuhura mtani wangu mbele ya darasa zima. Kwa hiyo mlango ulipofunguka akaingia amevaa koti la Agnes, lile la bluu, lililobaki kwenye kiti chake Rissne, nilibaki nimekaa kama gunia.

Akaanza kumwiga. Dada, laiti ungekuwepo! Alikuja na ule mwendo wa Agnes wa kupumzisha nyonga moja, akasimama katikati ya sebule, akavua miwani akaipangusa kwa ncha ya gauni. "Nani kaweka vikombe hivi? Daudi? Basi hesabuni vishikio vilivyobaki." Nyumba ikacheka. Akaenda kwa Mama Esperansi akamrekebisha kola. Akamwambia Njeri apunguze sauti, hospitali ni hapa. Watu wanalia na kucheka, hawajui wafute nini kwanza. Mimi mwenyewe nilicheka. Baada ya wiki nyingi nilicheka, kwa sababu mke wangu alikuwa sebuleni.

Halafu akaja mbele yangu. Akasema kwa sauti ya Agnes, ile ya treni, "Baba Neema."

Nikaitika. Niliitika, Dada. "Naam."

"Ulisema mwanamume asinione. Sawa. Yule kijana wa Kizungu mwenye ndevu nyekundu, aliyenishika mapaja akanigeuza, ni shangazi yangu?"

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu Mama Esperansi alikuwa ameinama na Neema amefunika uso.

Sikujua. Hawakuniambia. Nimeuliza baadaye nikaambiwa yote. Agnes alikuwa mzito, wiki tatu za baridi zimemkaza, kitanda ni cha juu. Watatu walimwosha mbele, wakashindwa kumgeuza. Mama Esperansi bega lake ni bovu. Walijaribu mpaka marehemu karibu aanguke. Kumgeuza mtu mzito si nguvu, ni ufundi wa shuka na goti, na Agnes aliufundisha pale darasani, na aliyeushika vizuri kuliko wote, anayeutumia kila siku kwa wazee wake, ni Zuhura. Agnes aliwachagua wanne akijua kwa nini. Basi wakabonyeza kengele, akaja mfanyakazi wa pale, kijana, mpole, hana kosa lolote, akamshika mke wangu, akamgeuza.

Kwa mkono wangu huu nilimfungia nje mwanamke aliyeombwa na Agnes mwenyewe, nikamwingiza mwanamume asiyemjua. Mimi mlinzi hodari.

Pale matangani niliinuka, sikujua nimeinukia nini. Zuhura akavua koti, akalishika mkononi, akarudi kuwa mwenyewe. Unajua mtani akichukua kitu cha marehemu lazima kikombolewe, hapo hapo, kabla hajavuka kizingiti. Nikatia mkono mfukoni.

"Sitaki hela yako," akasema. "Niite jina langu mbele ya hawa. Mara moja tu, kisha chukua koti."

Watu wa kanisani wale walionong'ona walikuwepo, wananiangalia. Jina lilikuwa hapa, Dada, kwenye ulimi. Herufi sita, zote kanifundisha yeye. Na mimi ambaye sijawahi kukosa neno, mbele ya bosi, mbele ya polisi, nilikosa.

Alingoja. Alinipa muda, alikuwa na subira na mimi siku zote. Kisha akalivaa koti na kuvuka kizingiti.

Alhamisi ya arobaini ya Agnes nilipanda treni zangu mbili peke yangu. Nilibeba chupa ya chai. Nilikuta duara limekaa, kiti cha Agnes hakuna aliyekikalia, Zuhura amekaa kando yake amevaa koti. Walikuwa wanasoma. Nikasimama pale mlangoni, sikuingia, nikasema kwa sauti ya watu wote, "Zuhura. Zuhura, nilikosa. Nilikuzuia haki yako na ya marehemu. Nimekuja kukomboa koti."

Mama Esperansi akaanza kulia. Nikadhani sasa mtani wangu atanicheka, atasema mpagazi kachelewa na mzigo, tutaanza upya.

Akainuka. Akanijia, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mzee."

Akapokea chupa ya chai kwa mikono miwili. "Koti halikombolewi tena," akasema. "Sheria unaijua, ilikuwa siku ile. Lakini asante kwa kuniita. Karibu kiti."

Wakanipa kiti. Nilikikaza mwenyewe mwaka juzi. Nikakaa kwenye duara lao kwa mara ya kwanza, nikasikiliza, na aliyepangiwa kufundisha siku hiyo alikuwa Zuhura. Alifundisha jinsi ya kumwosha na kumgeuza marehemu. Kila mmoja alijaribu kwa mwenzake, na mimi nilitazama shuka inavyopita chini ya mgongo. Ni jambo jepesi. Linachukua muda mfupi kuliko kufunga kilemba.

Sasa naenda kila Alhamisi. Nachelewesha kuosha vikombe makusudi, labda atabaki. Namchokoza: nasema Wazaramo wamekula sukari yote. Anatabasamu vizuri, ananiuliza hali ya magoti, anasema shikamoo mzee, usiku mwema mzee. Hanitanii tena, wala hanikosei adabu hata kidogo. Dada, nimetukanwa na watu wengi duniani, nikawajibu wote. Hiyo shikamoo sina jibu lake.

Sasa ombi langu, na ukiona sistahili, usinijibu. Mtakapofanya ibada ya mwaka hapo Sikonge, najua wewe ndiye utakayesimama kutaja waliomhudumia. Usiseme wanne, usiubebe uongo wangu madhabahuni. Taja watatu waliomwosha. Halafu mtaje mmoja peke yake, kwa jina la bibi yake, kwamba Zuhura alitengeneza mafuta, akaja, akasimama nje kwenye theluji mpaka mwisho. Na wakikuuliza kwa nini alisimama nje, usinifiche. Sema, "Ni shemeji yangu aliyemzuia."

Nisalimie wote hapo: mjomba wa Agnes aliyepokea mahari akasema mimi nina maneno mengi, mwambie alikuwa sahihi, dada yangu mdogo anayekaa stesheni Tabora, mke wa marehemu kaka yangu na wajukuu wote, na katekista aliyetufungisha ndoa, kama bado anaona. Neema anakusalimia. Ameanza kunijibu kwa Kiswahili tena, maneno machache. Kitenge chako Agnes alivishwa, Dada. Hilo halikuwa uongo.

Mimi shemeji yako ninayesubiri neno lako, liwe lolote,

Daudi, Baba Neema

Mafuta yaliyobaki kwenye chupa nimempa binti akuletee. Yananukia karafuu bado. Miguu ndiyo ya kwanza, Zuhura alisema.